Hojaji Hupima Mapenzi, Haipimi Kujifunza

Fungua kiambatisho cha tasnifu ya uzamili inayohusu simu za mkononi katika kufundisha na kujifunza, na si ajabu ukakutana na sentensi hii au pacha wake: "Matumizi ya simu yananisaidia kuelewa masomo kwa urahisi." Pembeni kuna visanduku vitano, kuanzia "Sikubaliani kabisa" hadi "Nakubaliana kabisa". Mwanafunzi anatia tiki kwenye cha nne, anageuza ukurasa. Mtafiti anakusanya tiki zake, anapata wastani wa nne na ushei, na ikifika sura ya tano simu imekwisha kuwa chombo kinachoboresha ujifunzaji, na wizara inashauriwa ichukue hatua.

Kilichopimwa pale ni kama mwanafunzi anaipenda simu. Anaipenda. Hilo halikuhitaji tasnifu.

Sehemu kubwa ya utafiti wa eneo hili hupima chombo, au hisia za watu juu ya chombo. Kinachopandisha au kushusha alama ni somo lililomo ndani yake: nani analituma, kwa mwanafunzi wa kiwango gani, mara ngapi kwa wiki, na nini kinatokea mwanafunzi akikosea. Tafiti zilizofanikiwa kutenganisha mambo haya mawili zipo, ila si nyingi, na majibu yake hayawapendezi wauzaji wa vifaa wala wanaotaka vipigwe marufuku.

Sentensi za hojaji hazikuzuka hewani. Nyingi zinatokana na kielelezo cha ukubalifu wa teknolojia alichokichapisha Fred Davis mwaka 1989, kinachosema kwamba mtu atautumia mfumo mpya akiuona una manufaa na hausumbui. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake wakakipanua, wakatia ushawishi wa watu wanaomzunguka mtumiaji na mazingira wezeshi. Ni vielelezo vizuri kwa kazi vilivyobuniwa kuifanya, yaani kueleza kwa nini mfanyakazi anakubali au anakataa programu mpya aliyoletewa kazini. Manufaa yanayozungumziwa humo ni yale anayoyaona mtumiaji mwenyewe. Kuyageuza kuwa ushahidi wa kujifunza ni sawa na kumuuliza mgonjwa kama dawa ilikuwa tamu, kisha kuandika kwamba homa imeshuka.

Na mwanafunzi ni shahidi dhaifu wa kujifunza kwake. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jaribio la madarasa ya fizikia: waliofundishwa kwa kushirikishwa walipata alama za juu zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliokaa wakasikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Kujifunza kwa kweli kunachosha, na uchovu huo mwanafunzi anausoma kama ishara ya kutoelewa. Sasa fikiria programu ya simu yenye rangi, sauti na nyota kila baada ya jibu. Tiki kwenye kisanduku cha tano zitajaa bila tatizo.

Kisha inakuja alfa ya Cronbach, namba inayotumika kupima uthabiti wa hojaji. Ikifika 0.7 au 0.8 huandikwa kwa fahari, kana kwamba hojaji imepata hati ya ubora. Alfa inachosema ni kwamba vipengele vinakwenda pamoja, basi. Uliza jambo lilelile kwa namna sita, ukibadilisha kitenzi tu, na alfa itapanda hata kama jambo lenyewe halina uhusiano na unachodai kupima.

Watafiti wenye bidii zaidi huiweka hojaji pembeni wakafanya jaribio. Sura yake ya kawaida ni hii: darasa moja linatumia simu, la pili linafundishwa "kwa njia ya kawaida", wiki nne, mtihani wa awali, mtihani wa mwisho, jaribio la t (hesabu ya kulinganisha wastani wa makundi mawili), p chini ya 0.05 (yaani tofauti isiyoelekea kuwa ya bahati tu), hongera. Hapa kuna makosa mawili yanayotembea pamoja, na msimamizi wa tasnifu akikamata moja mara nyingi humpita la pili.

La kwanza ni la hesabu. Wanafunzi wa darasa moja hufanana kuliko wanafunzi waliookotwa huku na huko, kwa sababu wana mwalimu mmoja, ratiba moja, kelele zilezile dirishani. Kiasi cha kufanana huko kina namba yake, uwiano wa ndani ya kundi, na kwa alama za mitihani ya shule thamani ya 0.2 si kitu cha kushangaza. Chukua darasa la watu 40. Toa mmoja, zidisha 39 kwa 0.2, unapata 7.8, ongeza 1, unapata 8.8. Gawanya 40 kwa 8.8. Darasa lako la watu 40 lina uzito wa kitakwimu wa watu wanne na nusu. Madarasa mawili ni watu tisa. Jaribio la t lililohesabu watu 80 limedanganywa, na litakupa "tofauti yenye maana" hata pale ambapo tofauti pekee ni kwamba mwalimu wa darasa la kwanza hakuugua mwezi ule. Tena ukiwa na darasa moja tu kila upande, hakuna hesabu duniani inayoweza kumtenganisha mwalimu na simu.

Wengi hujikinga kwa kanuni ya Yamane, ile ya kugawanya idadi ya watu kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linaloruhusiwa. Watu 2,000 na kosa la 0.05 huzaa sampuli ya 333, na namba 333 ikishaandikwa kwenye sura ya tatu hakuna anayeuliza tena. Kanuni hiyo ni ya kukadiria asilimia katika umma mmoja, kwa mfano wangapi wana simu janja. Haina la kusema kuhusu kulinganisha makundi mawili. Kwa ulinganisho, kinachoamua ni ukubwa wa tofauti unayotaka kuiona. Ukitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuikamata tofauti ya nusu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, unahitaji kama watu 63 kila upande. Ukitaka kuikamata ya 0.2, wanapanda hadi 392 kila upande, na hao ni watu waliogawanywa mmoja mmoja. Ukigawa kwa madarasa, zidisha 392 kwa ile 8.8: watu 3,450 kwa upande, sawa na madarasa 86. Mtihani wa awali unaohusiana na wa mwisho kwa 0.7 hupunguza mzigo huo kwa karibu nusu, ndiyo maana kuuacha ni ubadhirifu. Hata hivyo mwanafunzi wa uzamili hawezi madarasa 43 kila upande. Nitalirudia hili, kwa sababu simu yenyewe ina njia ya kutokea ambayo wengi hawaitumii.

Kosa la pili ni la mantiki, na lina umri mkubwa kuliko simu za mkononi madarasani. Mwaka 1983 Richard Clark aliandika kwamba vyombo vya kufundishia hubeba mafunzo tu, na havibadilishi ufaulu zaidi ya lori linaloleta vyakula linavyobadilisha lishe yetu. Robert Kozma alimjibu kwamba chombo kina uwezo wake wa pekee, na kwamba baadhi ya mbinu haziwezekani bila chombo fulani. Mabishano yao yamechakaa kwa kunukuliwa, lakini kama nidhamu ya kubuni utafiti Clark bado hajapata mpinzani. Tazama lile darasa la simu kwa karibu. Walipata maswali mafupi matatu kila jioni, na jibu sahihi mara tu walipobonyeza. Darasa la pili walipata mhadhara na kazi ya nyumbani iliyorudishwa baada ya wiki. Simu ilishinda? Hatujui. Yalishinda maswali ya kila siku na masahihisho ya papo hapo, mambo yanayojulikana kusaidia tangu enzi za kalamu. Lipe darasa la pili maswali yaleyale matatu kwenye kipande cha karatasi, majibu nyuma, na tofauti itakayobaki ndiyo ya simu. Mara nyingi itakuwa ndogo. Inaweza pia kuwa hasi kidogo pale kinachotumwa ni maandishi marefu: uchanganuzi wa Pablo Delgado na wenzake wa mwaka 2018, uliounganisha tafiti 54, ulikuta kusoma kwenye skrini kukizidiwa na karatasi kwa kama 0.21 ya mchepuko sanifu katika kuelewa, na pengo likikua msomaji anapobanwa na muda. Mhadhiri anayemwaga kurasa 60 za noti kwenye kundi la WhatsApp na kuita hiyo ujifunzaji kwa simu ameleta lori tupu.

Namba inayonukuliwa kuliko zote katika eneo hili ni 0.523, kwa kipimo kilekile cha mchepuko sanifu, kama namba zote za athari zinazofuata. Ni ya Yao-Ting Sung na wenzake, waliokusanya makala 110 za majaribio ya vifaa vya mkononi zilizochapishwa kati ya 1993 na 2013 na kuzipatia athari ya wastani. Kwa lugha ya darasani, mwanafunzi wa katikati katika kundi lenye kifaa angewapita wenzake 70 kati ya 100 wa kundi linganishi. Ukisikia hivyo unaweza kutamani kila mtoto apewe kifaa kesho asubuhi. Lakini Matthew Kraft, akipitia majaribio 747 ya nasibu ya elimu, alipendekeza mwaka 2020 kwamba katika alama za mitihani sanifu 0.05 hadi 0.20 ihesabiwe ya kati, na 0.20 kwenda juu ihesabiwe kubwa. Basi wastani wa 0.5 ungefanya simu ziwe miongoni mwa mambo yenye nguvu zaidi yaliyowahi kujaribiwa shuleni. Mbona basi shule zilizojaa vifaa hazijabadilika kwa kiasi hicho?

Jibu limo zaidi kwenye mtihani kuliko kwenye simu. Alan Cheung na Robert Slavin walichambua tafiti 645 na kukuta kwamba zilizotumia mtihani uliotungwa na watafiti wenyewe zilikuwa na athari karibu mara mbili ya zile zilizotumia mtihani huru. Tafiti ndogo nazo zilizizidi kubwa karibu mara mbili, na makala zilizochapishwa zikazizidi kazi zisizochapishwa. Njia inayofanya hivyo ni rahisi kuiona. Programu inafundisha maneno 40. Mtihani unauliza maneno 40 yaleyale. Kundi linganishi wakati huo lilikuwa linasoma sura ya kitabu yenye 12 kati ya hayo 40. Matokeo yalishaamuliwa siku mtihani ulipochapwa. Ongeza na upya wa kifaa, ambao huchangamsha watu wiki mbili tatu kisha ukachuja, na jaribio la mwezi mmoja litakuwa limekamata sherehe likakosa maisha ya kawaida.

Zile tafiti zilizotenganisha chombo na somo zinasema nini?

Niger, mradi uliochapishwa na Jenny Aker na wenzake mwaka 2012. Vijiji 113 vilipata kisomo cha watu wazima. Sehemu ya vijiji hivyo, kwa bahati nasibu, waliongezewa mafunzo ya kutumia simu ya kawaida, kitochi, simu moja kwa kikundi cha watu watano. Kisomo kilikuwepo pande zote mbili, hivyo kilichopimwa ni nyongeza ya simu. Alama zikawa juu kwa 0.19 hadi 0.25, na za hesabu zilibaki juu miezi saba baada ya masomo kwisha. Hakukuwa na programu ya kielimu ndani ya simu hizo. Kazi ya simu ilikuwa kumpa mtu sababu ya kusoma na kuandika nje ya darasa: ujumbe ni rahisi kuliko kupiga, na hauandikiki bila herufi. Nadhani huu ndio mfano bora wa hoja ya Kozma, ingawa haukufanywa kumjibu.

Botswana, wakati shule zimefungwa mwaka 2020. Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng waligawanya kwa nasibu kaya kama 4,500 katika makundi matatu: wasiopata kitu, waliopata ujumbe wa hesabu kila wiki, na waliopata ujumbe huo pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20 kutoka kwa mkufunzi, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja. Ujumbe na simu pamoja ulipandisha hesabu kwa 0.12. Ujumbe peke yake haukuonyesha faida ya kuaminika. Linganisha makundi hayo mawili: kifaa ni kilekile, laini ni ileile, swali ni lilelile. Kilichoongezeka ni mtu anayesikia mtoto alipokwama na kumpa swali la kiwango chake. Jaribio liliporudiwa India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, kwa wanafunzi zaidi ya 16,000, simu pamoja na ujumbe zilifika 0.30 hadi 0.35.

Kabla hujakimbilia kupiga simu, tazama Sierra Leone. Lee Crawfurd, David Evans, Susannah Hares na Justin Sandefur walipima simu za walimu kwa wanafunzi katika kipindi hichohicho cha UVIKO-19, na hawakuona mabadiliko yoyote kwenye alama za hesabu wala lugha, japo watoto walijishughulisha kidogo zaidi na masomo. Chombo kilekile, jibu tofauti. Mtu anayefanya utafiti wa "athari za simu" hana pa kuuweka ukweli huu. Anayefanya utafiti wa mazungumzo yanayopita kwenye simu anao mgodi mkubwa mbele yake: yalilenga nini, yalimpima mtoto kabla au la, yalifuata kiwango chake au ratiba ya mtaala.

Kisumu nako kuna somo ambalo halinukuliwi inavyostahili. Benjamin Piper na wenzake, katika mradi wa kusoma na hesabu za awali, walijaribu njia tatu: vishikwambi kwa maofisa wanaowatembelea walimu, vishikwambi kwa walimu, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Zote zilizidi shule za kawaida. Hakuna iliyozidi kwa uhakika mpango uleule wa vitabu, miongozo na mafunzo ya walimu usiokuwa na kifaa, na ukitia gharama, mpango wa karatasi uliongoza. Utafiti usiokuwa na kundi hilo la nne ungetangaza ushindi wa vishikwambi mara tatu. Na Peru, ambako shule 319 za msingi za vijijini zilichunguzwa na kompyuta ndogo zikapanda kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa mwanafunzi, Julián Cristia na wenzake hawakuona tofauti katika hesabu wala lugha. Hiyo ndiyo picha ya lori lililofika bila mzigo.

Tanga inastahili aya yake, maana ni ya Kiswahili. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170, vikichajiwa kwa umeme wa jua, na programu za timu tano zilizofika fainali. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa nusu. Wengine wanaisoma sentensi hiyo kama muujiza bila mwalimu. Isome tena: miezi 15, kifaa mkononi, programu zilizoshinda dunia, na bado karibu nusu hawasomi neno moja. Usomaji wote wawili ni halali, kwa kuwa karibu robo tatu ya watoto hao hawakuwahi kwenda shule kabisa, na kwa mtoto huyo mbadala wa kishikwambi haukuwa mwalimu. Kundi linganishi ndilo linaloipa namba maana yake, na anayetangaza namba bila kulitaja anakuuzia kitu.

Suala la kupiga marufuku simu shuleni halitanichukua muda. Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichunguza shule 91 za miji minne ya Uingereza na kukuta alama zimepanda kwa 0.06 ya mchepuko sanifu baada ya marufuku, 0.14 kwa waliokuwa nyuma. Wenzao wa Sweden walipolirudia mwaka 2020 hawakuona kitu. Hata yakiwa sahihi yote, hayapingani na Botswana hata kidogo. Simu ya mfukoni wakati wa kipindi na simu ya mkufunzi jioni ni vitu viwili vinavyoshiriki jina.

Sasa tuje kwenye udongo wa kazi yenyewe, mahali ambapo takwimu huharibika kabla hazijafika kwenye kompyuta.

Anza na ujumbe mfupi. Herufi zote za Kiswahili zimo kwenye orodha ya msingi ya mitandao ya simu, kwa hiyo ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Lakini andika ng'ombe kwenye programu ya kuchapia, na ritifaa iliyonyooka, ile alama inayofuata ng, hugeuzwa yenyewe kuwa ile iliyopinda. Iliyopinda haimo kwenye orodha. Papo hapo ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Swali la herufi 150, lililokuwa ujumbe mmoja, linakuwa vipande vitatu kwa gharama ya tatu, na kwenye kitochi kisichojua kuviunganisha vinaweza kufika vimepishana, chaguo D likitangulia swali. Mtafiti anashangaa kwa nini swali la ng'ombe lilijibiwa vibaya na kila mtu. Andalia maswali kwenye kihariri cha maandishi matupu, na yatume kwanza kwenye simu mbovu kuliko zote utakazozikuta.

Kumbukumbu za matumizi, zile zinazoitwa data halisi tofauti na hojaji, nazo zina uongo wake. Akaunti moja haimaanishi mtoto mmoja. Jioni simu ya mama hupita mikono mitatu, na mwanafunzi wako "hodari" ni kaka yake wa kidato cha nne. Weka picha au majina ya kuchagua kila kipindi kinapofunguliwa, na usitegemee nywila. Programu iliyoachwa wazi juu ya meza huhesabu saa tatu za kusoma. Amua mapema, kabla ya kuona takwimu, kwamba dakika mbili bila kuguswa ni mwisho wa kipindi. Simu iliyotolewa betri inaweza kurudi mwaka 1970, na kumbukumbu zilizohifadhiwa bila mtandao zitapangika kichekesho. Hifadhi namba ya mfuatano wa kila tukio pamoja na saa ya seva siku zilipopokelewa. Na hojaji ikibaki, ibane: badala ya "simu inanisaidia", uliza "jana ulifungua somo kwenye simu ya nani, ukaishia swali la ngapi?" Jibu hilo unaweza kulilinganisha na kumbukumbu.

Kinachoua tafiti nyingi kimyakimya ni namba zinazopotea. Watu hubadili laini. Chukua namba mbili kwa kila mwanafunzi, ya pili iwe ya mtu asiyekaa nyumba moja naye, na uzihakikishe kila wiki, hata kwa kubipu. Hatari kubwa si kupoteza watu, ni kupoteza upande mmoja kuliko mwingine: kundi linalopokea salio lina sababu ya kuitunza laini, kundi linganishi halina. Likibaki na asilimia 80 ya watu wake wakati la kwanza lina 95, waliopotea huenda ndio wale wanaoyumba kimasomo, na ulinganisho umekufa. Lipe kundi linganishi nalo ujumbe, idadi ileile na saa ileile, kuhusu jambo lisilo la somo. Utakuwa umeusawazisha na upya wa kifaa kwa pigo hilohilo. Ukipima kwa simu, kumbuka mzazi anayenong'ona jibu pembeni. Watafiti wa Botswana walibadilisha kwa nasibu maswali ya kiwango kimoja ili kuangalia kama kipimo chao kinashika.

Na ile njia ya kutokea? Hulazimiki tena kugawa kwa madarasa, kwa sababu ujumbe unamfikia mtu mmoja mmoja. Hiyo ndiyo faida ya simu kwa mtafiti, hata pale isipokuwa faida kwa mwanafunzi. Chukua wanafunzi 120 kutoka madarasa matatu. Ndani ya kila darasa wapange kwa alama za mtihani wa awali, waunganishe wawili wawili waliokaribiana, kisha rusha sarafu. Mmoja anapata maswali ya mada ya kwanza kwa simu na ya mada ya pili kwenye karatasi. Mwenzake kinyume chake. Maswali yaleyale, siku zilezile. Ujumbe tatu kwa wiki, kwa wiki nne za mada yake ya simu, ni ujumbe 1,440 kwa wote, na kila mwanafunzi anakuwa mizani yake mwenyewe. Hakuna anayenung'unika kuwa amenyimwa, na mwalimu ni mmoja kwa makundi yote mawili ndani ya darasa. Kasoro yake inajulikana: wataonyeshana ujumbe. Hilo hupunguza tofauti, haliikuzi, na unaweza kuuliza nani alisoma cha nani.

Mtihani utungwe na mwalimu asiyehusika, ufungwe kwenye bahasha kabla ujumbe wa kwanza haujaandikwa, na urudiwe wiki sita baada ya ujumbe wa mwisho. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, na iseme wazi namba zitafutwa lini. Kila mtu achambuliwe katika kundi alilopangiwa, siyo alilojikuta. Aliyeibiwa simu wiki ya pili anabaki humo hadi mwisho na alama zake zinahesabiwa, kwa sababu kuibiwa simu ni sehemu ya kufundisha kwa simu.